Mwaka wa Tatu wa Shamba la Misigiri

Misigiri, Iramba
18 Februari 1973

Mdogo wangu Naftali,

Pokea salamu za nyumba nzima. Sisi tu wazima. Mama naye ni mzima isipokuwa mguu wa kushoto, umevimba tena tangu Krismasi. Yeye anasema ni baridi, mimi nasema ni kwa kuwa hataki kukaa chini. Klara wa baba mdogo amejifungua salama mtoto wa kike, wamempa jina la Esta. Tumekwisha kuhamia kwenye kijiji cha ujamaa kando ya barabara kuu, nyumba yetu iko mstari wa tatu. Mimi wamenichagua katibu wa kamati ya kilimo kwa sababu, walisema, mwandiko wangu unasomeka.

Sasa nikueleze kilichonifanya nishike kalamu. Tumeletewa bwana shamba mpya, kijana wa Ikungi anayeitwa Mughwai. Wiki iliyopita alikuja na makala yako, ile uliyoichapisha mwaka 1970 pamoja na yule Mzungu aliyekuwa mkuu wako wa kituo cha utafiti. Akaniambia, "Dada Luciana, kazi ya ndugu yako hii. Kwa sababu ya karatasi hizi tunataka kijiji chenu kipande mbegu ya mtama namba kumi na saba shamba zima la pamoja, ekari sitini, msimu ujao. Gugu la kiduha halitawasumbua tena."

Nilifurahi sana. Nilimwonyesha mama jina lako, akalipapasa kwa kidole. Kiingereza changu ni cha darasa la nane, lakini tarakimu nazisoma. Nimeona jedwali la miaka mitatu ya shamba letu la majaribio: 1967, 1968 na 1969. Miwili ya kwanza naijua, ni hesabu nilizokupelekea mwenyewe, hata yale madebe kumi na moja na nusu ya kipande cha nne yamo. Mwaka wa tatu siutambui. Uliupata wapi?

Mama anauliza kama huko unapata ugali.

Dada yako,
Luciana Kitundu


Uingereza
2 Aprili 1973

Dada mpendwa,

Shikamoo. Na mama mfikishie shikamoo yangu, mwambie unga wa mahindi naupata kwa Mhindi mmoja hapa mjini, ila ugali wake haushikani. Barua yako ilichelewa, ilipitia anwani yangu ya zamani. Hongera kwa Klara. Hongera na wewe kwa ukatibu, ingawa sikushangaa.

Nimefurahi kusikia makala yetu imefika mpaka Misigiri. Nikusimulie jambo. Katika maktaba ya chuo hiki kuna vitabu vinene vinavyotoka kila mwaka. Unatafuta jina la mwanasayansi, na chini ya jina lake unakuta wote waliotaja kazi yake katika kazi zao. Maandishi yenyewe ni madogo kama chawa. Mwezi uliopita nilitafuta Kitundu. Nilijikuta nipo! Chini yangu watu tisa, wawili India, mmoja Sudan, wengine Kenya, Nigeria na Amerika. Nilisimama pale mpaka mtunza maktaba akaniuliza kama naumwa.

Profesa wangu anasema siku hizi mtafiti anapimwa hivyo: ametajwa na wangapi, na ameandika pamoja na nani. Nyumbani wanatafuta mkuu wa utafiti wa nafaka. Tuko wawili tunaofikiriwa, na mwenzangu ametajwa mara sita tu.

Dada, najua kinachokuuma. Miaka ile wewe ndiye uliyeinama juani ukihesabu kiduha, na jina lako halimo. Mwishoni niliwashukuru "wasaidizi wa shambani", nawe umo katika hao. Ndivyo taratibu zilivyokuwa. Lakini nakuahidi, makala yangu inayofuata utakuwa mwandishi wa pili. Kitundu na Kitundu. Baba angependa.

Mdogo wako,
Naftali


Misigiri
27 Mei 1973

Mdogo wangu Naftali,

Marahaba. Tu wazima. Mtama umeanza kukomaa na ndege ni wengi, tunashinda mashambani tukiwafukuza. Mtoto wa Klara amebatizwa Jumapili iliyopita.

Habari ya jina sikuuliza. Soma tena barua yangu.

Labda umesahau, basi nikukumbushe. Mwaka 1969 mvua zilikata mwanzoni mwa Januari. Tarehe ishirini na sita baba alianguka. Nilikaa naye hospitalini wiki sita, tukarudi naye ndani ya jeneza. Nilipofika nyumbani ng'ombe walikuwa wameingia shamba la majaribio, wamemaliza vipande vyote vinane. Wewe ulikuja kuzika. Siku ya pili baada ya maziko tulikwenda shambani, mimi na wewe tu. Uliokota bua, ukaliangalia, ukalitupa. Ukasema, "Basi, dada. Mwaka huu umepotea."

Ni maneno yako hayo, Naftali. Katika daftari langu mwaka ule una mstari mmoja: Hakuna mavuno, hakuna hesabu.

Mkutano wa kijiji wa kuamua juu ya mbegu utakuwa Oktoba. Mughwai anataka nisimame niwaambie watu kwamba nimeiona mbegu hii kwa macho miaka mitatu. Nisimame niseme nini? Nijibu hilo moja tu.

Mama anakusalimu. Hajui kitu.

Luciana


Misigiri
9 Septemba 1973

Naftali,

Tunaendelea vizuri. Mguu wa mama umepata nafuu kidogo. Posta ya Kiomboi nimekwenda mara nne tangu Juni, kwa miguu mara mbili, na karani sasa ananitikisia kichwa kabla sijafika dirishani. Kama unaumwa tuambie. Kama huumwi, tuambie vilevile.

Mkutano ni tarehe ishirini Oktoba. Mbegu zimekwisha kufika, magunia yamepangwa ofisini.

Dada yako


Uingereza
30 Septemba 1973

Dada mpendwa,

Shikamoo. Siumwi. Baridi imeanza, majani ya miti yanageuka rangi. Nilipata ajali ndogo ya baiskeli mwezi wa saba, nilichubuka kiwiko tu, mama msimwambie. Nilikuwa na mitihani, na baada ya mitihani nilikuwa na shughuli nyingine.

Umeniuliza mara mbili, nami nitakujibu mara moja, kisha naomba tusilirudie. Jarida lisingepokea majaribio ya miaka miwili. Mkuu wangu wa kituo alikuwa anarudi kwao mwezi wa sita. Akaniuliza, "Hesabu za mwaka wa tatu ziko wapi?" Nikasema zinakuja. Nilikuwa nimetoka kumzika baba, dada. Nikakaa mezani, nikachukua wastani wa miaka miwili tuliyopima, nikaupunguza kidogo ili uonekane wa kweli. Yule Mzungu hakujua, na mpaka leo hajui. Mbegu ile ni nzuri. Tungevuna mwaka ule, matokeo yangekuwa yaleyale. Hilo naliamini.

Sasa fikiri. Ile ndiyo makala yangu kubwa. Imetajwa mara kumi na nne. Watu wamejenga kazi zao juu yake. Kamati ya nyumbani inakaa Desemba, na kitu cha kwanza watakachotazama ni hizo kumi na nne. Neno moja kutoka Misigiri, na dada yangu ndiye aliyelisema, sitapata kazi hiyo wala nyingine.

Sikuagizi useme uongo. Usiseme kitu, basi. Lile daftari mpe mama alifungie sandukuni. Mtu akiuliza, sema limepotea wakati wa kuhama. Vitu vingi vimepotea wakati wa kuhama.

Makala mpya nimekwisha kuandika jina lako. L. Kitundu, la pili kutoka kushoto. Nakuomba, mimi uliyenibeba mgongoni.

Naftali


Misigiri
11 Novemba 1973

Naftali,

Tu wazima. Mvua bado.

Barua yako nimeipata tarehe ishirini na tano Oktoba, mkutano ulikuwa umepita siku tano. Nitakueleza ulivyokwenda, usije ukausikia kwa wengine.

Walijaa watu kama mia mbili na hamsini. Mughwai alisimama, akainua makala yako juu, akatumia habari nilizompa kutoka barua yako, akasema, "Kazi hii imetajwa na wataalamu wa nchi tano. Na aliyepima yupo hapa, ni dada yake. Mama Katibu, simama uwaeleze."

Nilisimama. Nilikuwa nimelishika daftari kwa mikono miwili. Nikasema, "Miaka miwili niliipima mwenyewe. Mbegu ilizaa, na kiduha kilikuwa kidogo. Lakini miaka ile ilikuwa ya mvua. Mwaka wa tatu hatukuvuna hata kikombe, ng'ombe walikula. Hesabu iliyoandikwa humo si ya kwangu."

Mwenyekiti wetu, Mzee Alute, akaniuliza, "Unataka kutuambia ndugu yako amedanganya?"

"Nasema nilichopima, Mwenyekiti."

"Lakini watu wa nchi tano wameikubali!"

"Hao wameisoma. Hakuna aliyefika hapa."

Nyuma mwanamke mmoja akasema kwa sauti, "Kijicho hicho! Mwenzake amesoma, yeye amebaki na jembe." Watu wakacheka. Mama alikuwa ameketi mstari wa mbele. Akainuka, akajikokota na mguu wake katikati ya watu, akaenda zake.

Walibishana mpaka jua lilipoinama. Mwishowe wakaamua ekari ishirini zipandwe mbegu mpya, arobaini mtama wetu wa zamani. Mughwai aliandika kila kitu. Alinifuata nje akaniambia, "Dada, hili lazima nilipeleke wilayani. Unajua?" Nikamwambia najua. Kesho yake Alute akaniondoa ukatibu, akampa Gasto, ambaye kuandika anajifunza bado.

Mama hajanisemesha tangu siku ile. Ananipokea chakula, anakula, anageukia ukutani.

Umeniambia nifikiri. Nilifikiri tangu Februari, nikingoja uniambie. Labda barua yako ingefika mapema ningeshindwa kusimama. Sijui. Daftari ninalo. Na jina langu litoe kwenye makala hiyo mpya, sikupima lolote la humo.

Luciana


Uingereza
6 Januari 1974

Dada,

Shikamoo. Barua yako nimeipata. Theluji ni nyingi. Msalimu mama.

N. Kitundu


Misigiri
14 Julai 1974

Mdogo wangu Naftali,

Sijui kama unazisoma hizi. Nilikuandikia Machi na Mei, hukujibu. Naandika hivyohivyo.

Mama ni mzima. Mtoto wa Klara anatembea. Mwaka huu njaa iko karibu kila mahali, mvua zilikata Januari kama mwaka ule wa baba. Upande wa mbegu namba kumi na saba ulisimama vizuri mpaka Februari, kisha kiduha kikatoka. Hujawahi kuona. Kilichanua shamba zima likawa la zambarau, na chini yake mtama umekauka kama umemwagiwa maji ya moto. Ekari zile ishirini zimetoa magunia saba. Mtama wa zamani, ekari arobaini, umetoa sabini na mbili. Si nyingi, lakini kwa hizo kijiji kitafika Desemba.

Nilipoona kinaanza kutoka nilikwenda kupima. Nilikata vipande vinane kama zamani, hatua kumi kwa kumi, vinne upande huu na vinne upande ule. Kamba inataka watu wawili. Siku ya kwanza nilikuwa nahangaika peke yangu, naifunga kwenye kijiti, naikimbilia upande wa pili, kijiti kinang'oka. Nikasikia mtu nyuma yangu. Ni mama, amekuja na fimbo yake. Akashika ncha ya kamba. "Vuta," akaniambia. Ndilo neno lake la kwanza kwangu kwa miezi minne. Tulipima wiki tatu, mimi na yeye.

Hesabu zote ziko kwenye karatasi ya pili, kiduha kwa kila kipande na madebe. Umeona lilipo jambo lenyewe? Mwaka wa mvua mbegu yako inashinda. Mwaka wa ukame inashindwa vibaya kuliko ya zamani. Ule mwaka wa tatu ulioujaza kwa wastani ndio ungetuambia.

Sikuandikii ili kukusimanga. Hesabu ni zako vilevile, mbegu uliichagua wewe. Fanya nazo unachoona.

Alute alikuja juzi. Alikaa, akanywa togwa, akasifu paa letu. Alipoondoka aliacha muhuri wa katibu wa kamati juu ya kigoda.

Dada yako,
Luciana


Uingereza
22 Septemba 1974

Dada yangu,

Shikamoo. Shikamoo mama.

Barua zako zote nilizisoma. Kila nilipoanza kujibu nilijikuta naandika habari za hali ya hewa, nikachana. Nilikukasirikia sana, ni vizuri ujue. Habari za mkutano zilifika kwa kamati ya nyumbani Desemba, wakaahirisha, wakaniandikia kuniomba maelezo. Niliwajibu kwamba dada yangu ni mkulima, hakuelewa taratibu za takwimu. Niliandika hivyo, dada. Niliposoma hesabu zako za Julai maneno hayo yalinirudia, nikashindwa kula.

Nilikaa na karatasi ile siku mbili. Upimaji wenyewe hauna kasoro. Profesa wangu niliyempelekea akauliza, "Nani aliyefanya kazi hii?" Nikamwambia. Kisha nikamwambia na yale mengine yote, tangu jeneza la baba mpaka wastani. Alinisikiliza akiwa amesimama. Mwisho akasema nitamaliza shahada yangu kwa sababu haikujengwa juu ya makala ile, lakini kwa nafasi ya nyumbani hawezi kuniandikia barua. Nami nimeiandikia kamati kujiondoa. Amepata yule wa mara sita, ambaye kusema kweli ni mtafiti mzuri.

Yule mkuu wangu wa zamani nimemwandikia. Alijibu mistari miwili. Sitakuandikia maneno yake.

Sasa nimeandaa masahihisho kwa jarida lilelile. Yanasema mwaka 1969 haukupimwa na kosa ni langu peke yangu. Kisha yanatoa hesabu za 1974. Jina la kwanza ni lako, Kitundu L., na langu linafuata. Safari hii umepima kila kitu kilichomo. Sitayatuma mpaka unipe ruhusa kwa mkono wako.

Nilikwenda tena kwenye kile kitabu. Makala ya zamani imefika kumi na tisa. Nilitamani nimpigie simu kila mmoja wao.

Mdogo wako,
Naftali


Misigiri
20 Oktoba 1974

Naftali,

Tuma. Mama anasema atie dole gumba na yeye kwa kuwa alishika kamba. Nimemwambia jaridani hawatii dole gumba. Amelitia hapa chini, lione tu.

Luciana


Misigiri
16 Novemba 1975

Mdogo wangu mpendwa Naftali,

Marahaba, na karibu katika nchi yako. Tumefurahi kusikia umeshuka salama na umepangiwa kituo cha mbegu, ingawa ni kidogo na si kile ulichokitaka. Likizo ukipata, njoo moja kwa moja, usipitie kwa mtu. Mama sasa haoni vizuri, sikukuambia ulipokuwa mbali. Sauti yako ataijua.

Katika barua yako ya Septemba umesema makala ya zamani imefikia watu ishirini na watatu, na masahihisho yetu yametajwa na mtu mmoja tu. Nilisikia uchungu wako. Basi nikuambie, mtu huyo amejitokeza.

Wiki iliyopita karani wa posta aliniita kwa jina mbele ya watu. Bahasha ya bluu, stempu ya Sudan, juu imeandikwa Dr. L. Kitundu. Nilimwita nyumbani Mwalimu Paskali wa shule yetu anisomee, sikutaka kukosea hata neno. Ni mtafiti wa huko, ndiye aliyetutaja. Anasema aliisoma makala yenu ya kwanza, akaishauri nchi ya kwao ipande mbegu ile, nayo ikakubali. Walikuwa wameandaa ekari mia tatu katika vijiji vya mahali pakavu. Mwezi mmoja kabla ya kupanda jarida lenye masahihisho likamfikia. Akazuia, wakapanda ekari tano tu za kujaribu. Kiduha kikazimaliza zote tano. Anauliza tulipimaje, na kamba yetu ilikuwa ya urefu gani.

Nilimwambia Paskali arudie pale penye mia tatu. Akarudia. Mama alikuwa kitandani, tulidhani amelala. Akauliza, "Hao wa ekari mia tatu, walipata kula?"

Paskali akatazama karatasi mbele na nyuma. "Barua haisemi, bibi."

"Basi mwulizeni," akasema mama.

Kwa hiyo nakutumia barua yenyewe ndani ya hii. Mjibu kwa Kiingereza kizuri. Mweleze vipande vinane, hatua kumi kwa kumi, na kwamba anayehesabu asiwe ndiye anayeandika, wawe watu wawili. Mwambie mimi si daktari. Halafu mwulize swali la mama, uliweke mwanzoni, kabla ya hesabu.

Ni mimi dada yako anayekungoja,
Luciana Kitundu